Matairi ya njia zote kwa Hilux iliyotumika: nipande kipimo kimoja au viwili?

#1 MkaziWaMikindani

Salaam, ndugu wachangiaji.

Mwezi wa Februari nilinunua Hilux ya milango minne, ya mwaka 2012, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5, kutoka kwa bwana mmoja wa Nyali ambaye, kwa jinsi nilivyoikuta chini yake ilivyo safi, sidhani kama aliwahi kuitoa kwenye lami. Gari lenyewe nimeridhika nalo. Matairi ndiyo yaliyonileta hapa. Ni ya barabara ya lami, kipimo 265/65R17, na meno yamebaki kama milimita mbili, kwa hiyo yanakaribia vile vijinundu vilivyomo ndani ya mifereji ambavyo huonyesha milimita 1.6, ambapo tairi huhesabiwa kuwa limekwisha. Mojawapo lina alama ya 2614 ubavuni, maana yake lilitengenezwa wiki ya 26 ya mwaka 2014.

Kazi yangu ni kufunga pampu za maji zinazotumia nguvu za jua. Siku tatu kwa wiki nazunguka hapa mjini Mombasa, na siku mbili nabeba mabomba, paneli na mafundi wawili, mzigo wa kilo mia tano hadi mia sita, kwenda Bamba kwa njia ya Mariakani au kutoka Samburu kuelekea Kinango. Mvua za masika zilipochimbua njia mwezi wa Mei, nilikanyaga moja ya yale mawe bapa, ya jamii ya yale yanayochimbwa Mazeras na kutandazwa katika nyua za watu, likiwa limesimama kwa ukingo wake ndani ya tope. Lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, mkono wa kushoto. Mkato ulikuwa na urefu wa kidole gumba, na nyuzi nyeupe za ndani zilionekana. Mtu wa pancha wa Mariakani alilitazama, akaukunjua mkato kwa vidole viwili, akaniambia kwamba ubavu hauzibwi. Nilirudi nyumbani kwa tairi la akiba, nikiendesha kama niliyepakia mayai.

Sasa nataka matairi ya A/T, yaani ya njia zote, na ningependa yawe makubwa kidogo ili gari lipate kuinuka. Hesabu zangu ni hizi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. La 265/70R17 lina milimita 803, yaani limezidi kwa asilimia 3.4, na kwa kuwa ni nusu tu ya tofauti hiyo inayoingia chini ya difu, nitapata milimita 13. La 285/70R17 lina milimita 831, limezidi kwa asilimia 7, na nitapata milimita 27. Nipande kipimo kimoja, nipande viwili, au nibaki nilipo? Bei sitaitaja, kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola, na nitakayoandika leo itawapotosha watakaosoma uzi huu mwakani.

#2 Kijana_Bombolulu

Ami, hesabu hizo zote za nini? Weka 285, inua gari inchi mbili, na kila mtu atageuka ukipita Nyali. Mimi nimeinua langu na sijapata tatizo lolote. Tairi dogo kwenye Hilux linaonekana kama viatu vya mtoto kwenye miguu ya mtu mzima.

#3 FundiWaMagongo

Mkazi wa Mikindani, umeuliza kuhusu urefu, lakini mkasa uliotusimulia ni wa ubavu. Naomba uyatenganishe mambo hayo mawili, kwa sababu milimita 13 wala milimita 27 zisingelizuia jiwe lile. Lilikukata pembeni, halikugonga difu.

Nianze na 285, kwa kuwa kijana wetu ameisifia. Rimu yako ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5, na kwa tairi la 285/70 upana huo ndio kikomo cha chini kinachokubalika, kwa hiyo tairi litakaa limebanwa na kifua chake kitavimba katikati. Usukani ukikatwa mwisho, tairi litagusa ukuta wa plastiki ulio nyuma ya gurudumu la mbele, na pengine chuma chenyewe pale bodi inapofungwa kwenye chesisi. Tiba yake ni kukata plastiki, kupiga chuma nyundo, au kuliinua gari. Ukiliinua, shafti za mbele hufanya kazi zikiwa zimeinama zaidi, na ile mipira inayofunika maungio yake hupasuka mapema. Nimeibadilisha mara nyingi kwa vijana wa aina ya huyu aliyenitangulia, ambao wote walisema kwamba hawajapata tatizo.

Kisha kuna nguvu. Tairi kubwa ni sawa na kubadilisha gia zote kwa pamoja bila kuuliza injini. Tuseme difu yako ina uwiano wa 4.10, yaani shafti huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu: kwa 265/70 itakuwa kama imegeuka 3.97, na kwa 285/70 kama 3.83. Lita 2.5 haitaihisi sana tofauti ya kwanza. Ya pili utaihisi mlima wa Mazeras ukiwa na mabomba nyuma, na utajikuta unarudi gia ya tatu mahali ulipokuwa unapanda kwa ya nne. Breki nazo ni zilezile, ilhali zinashika gurudumu refu zaidi na zito zaidi.

265/70R17 huingia kwenye gari lako bila kukata kitu, isipokuwa pengine ile mipira ya kuzuia matope. Lakini usinunue kwa neno langu wala kwa neno la muuzaji. Funga tairi moja mbele, shusha jeki, kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, kisha rudi nyuma huku umekata, kwa sababu kuna magari yanayogusa yakirudi tu. Pitisha vidole vyako vinne vikiwa wima kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu. Visipopita ukiwa umesimama pale dukani, gari likipiga shimo tairi litagusa.

Sasa ubavu. Watu huja hapa wakiomba "plai kumi" wakidhani ndani mna tabaka kumi. Plai kumi ni daraja la nguvu lililobaki kutoka enzi za matairi ya nyuzi za pamba, na matairi ya leo yenye daraja hilo mara nyingi huwa na tabaka mbili au tatu tu ubavuni, lakini ni tabaka nene na ngumu. Soma alama. Tairi lililoandikwa LT (la magari madogo ya mizigo) mbele ya kipimo, na 121/118 nyuma yake, hubeba hadi kilo 1,450 kila moja likifungwa peke yake, na hilo ndilo la plai kumi. Lililoandikwa 265/70R17 115 bila LT hubeba kilo 1,215. Ya kiwandani yalikuwa 112, kilo 1,120. Piga hesabu utaona kwamba hata hayo ya kiwandani yanaumudu mzigo wako na kubakiza. Ukichukua LT, chukua kwa ajili ya mawe, wala usijidanganye kwamba ni kwa ajili ya uzito. Na jina la tairi peke yake halikutoshi: Yokohama Geolandar A/T G015, kwa mfano, hutengenezwa kwa vipimo vya LT na kwa vipimo visivyo vya LT, na yakiwa yamepangwa rafuni huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Jambo la mwisho ambalo watu hulipuuza: gari lako likiingizwa magurudumu manne, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja ndani ya gia boksi ndogo. Ukiwa na matairi mapya makubwa nyuma na ya zamani mbele, mojawapo lazima liburuzwe, na lisipopata pa kuteleza ni gia zitakazoumia. Ni manne kwa pamoja, au usianze. Na la tano utaniambia mwenyewe utakapolifikia.

#4 MamaShamba_Kaloleni

Mwanangu Mkazi wa Mikindani, mimi si fundi, ila nina D-Max ambayo hubeba nazi na mihogo kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea, na miaka miwili iliyopita niliitoa kwenye 245/70R16 nikaitia 265/70R16 ya plai kumi. Nitakueleza yaliyonipata ili yasikupate.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la upepo. Kijana aliyenifungia aliyajaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, nami nikaona ni sawa, kwani si kiwanda ndicho kilichoandika? Kumbe kile kibandiko kiliandikwa kwa tairi la kawaida, na tairi la plai kumi likibeba mzigo uleule huhitaji upepo zaidi. Siku moja nilipofika sokoni na nazi, niliweka kiganja kwenye tairi la nyuma nikakitoa upesi, kwa sababu lilikuwa moto kama kikaango. Baada ya miezi michache kingo za nje na za ndani zilikuwa zimelika na katikati pamebaki pazima. Hiyo ni dalili ya upepo haba, nami niliijua baada ya kuilipia.

Kosa la pili lilikuwa kinyume chake. Nilipoambiwa nizidishe, nilizidisha na sikupunguza tena. Gari likiwa tupu kwenye njia ya changarawe iliyojikunja kama bati, mkia wake ulikuwa unaruka, na kwenye kona moja baada ya kutoka shambani uliruka mpaka nikajikuta natazama minazi badala ya njia. Tangu hapo nina kipimo changu mwenyewe cha upepo ndani ya kisanduku cha gari, na nina vipimo viwili, cha kwenda nikiwa na mzigo na cha kurudi nikiwa mtupu. Kipimo cha kituo cha mafuta sikiamini. Nilijaribu vituo vitatu siku moja nikapata majibu matatu. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa baridi, kwa sababu likishapata moto upepo hupanda wenyewe na utapunguza usiyopaswa kupunguza.

Pamoja na hayo yote, ubavu haujapasuka hata mara moja.

#5 Jomvu_Biashara

Mbona hakuna aliyetaja ya mtumba? Yapo matairi ya A/T yanayoshushwa kutoka nje yakiwa na meno zaidi ya nusu, kwa bei ambayo ni kama ya tairi moja jipya kwa mawili. Kwa mtu aliyetoka kununua gari, huo ni msaada mkubwa.

#6 FundiWaMagongo

Ndugu wa Jomvu, sitamkataza mtu ambaye mfuko wake umemkataza tayari. Ila meno si umri. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini, na hapa kwetu kwenye jua hili huzeeka upesi. Watengenezaji wengi husema tairi lisivuke miaka kumi hata kama meno yake yote yapo, na kwamba baada ya mitano au sita lianze kukaguliwa kila mwaka. Wiki iliyopita nililetewa tairi la mtumba lenye meno ya kupendeza kabisa. Nilipoingiza mkono ndani nilitoa unga mweusi, laini kama masizi. Unga huo ni mpira uliosagika kutoka kwenye ubavu, maana yake huko lilikotoka liliwahi kuendeshwa bila upepo, likasagwa kati ya rimu na barabara, kisha likaoshwa nje na kupakwa dawa ya kung'arisha. Tairi la namna hiyo linaweza kuishi miezi sita mjini, na linaweza kupasuka kesho Mackinnon Road jua la saa nane likiwa utosini na lori likiwa nyuma yako.

Anayenunua mtumba na akague tairi likiwa limevuliwa kutoka kwenye rimu, apapase ndani kote kwa kiganja, aukunje ubavu atafute nyufa, asome tarakimu nne za tarehe. Muuzaji asiyetaka tairi lipapaswe, muage kwa heshima.

#7 MkaziWaMikindani

Nawashukuru nyote, hasa Fundi kwa kunionyesha kwamba niliuliza swali nisiloliishi. Nimeamua kupanda kipimo kimoja, LT265/70R17, na Jumamosi nilizunguka maduka ya kisiwani kuyatafuta. Naeleza yaliyotokea kwa sababu yanaweza kumsaidia mwingine.

Duka la kwanza, muuzaji aliniambia anayo ya plai kumi, akayagonga kwa kifundo cha mkono ili nisikie ugumu wake. Niliinama nikasoma: 115T, wala hapakuwa na LT mahali popote. Nilipomwonyesha alisema ni kitu kilekile. Sikubishana naye. Duka la pili lilikuwa nayo ya LT, 121/118S, na hiyo S inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa, ambao Hilux yangu haitaufikia labda ikianguka kutoka Daraja la Nyali. Yalikuwa yamefungwa kwa karatasi ya kiwandani. Niliomba yafunguliwe yote manne, kijana wa duka akanitazama kama niliyeomba kuonja sukari kabla ya kuinunua. Matatu yalikuwa 0825. La nne lilikuwa 4120. Yaani matatu yalikuwa ya mwaka 2025, na la nne limekaa ghalani mahali fulani tangu mwaka 2020, bei ikiwa moja. Mwenye duka, mzee mpole, alikiri bila ubishi, akatuma mtu ghalani, na baada ya nusu saa na kikombe cha kahawa chungu nilipata la nne lenye 0825.

Ubavuni mna pia ule mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji, kuonyesha kwamba tairi limefaulu majaribio ya barabara za baridi kali. Kijana alinieleza kwamba hilo ni daraja la juu. Nilimwambia kwamba theluji ikifika Changamwe nitarudi kumshukuru.

Jirani na duka kuna watu wanaonunua vyuma chakavu, nikawaomba mizani yao. Tairi langu la zamani lilikuwa na kilo 15 na kitu. Jipya lilikuwa na kilo 22. Fundi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Nilifuata mtihani wa vidole vinne. Kulia vilipita vyote, mbele na nyuma. Kushoto, usukani ukiwa umekatwa mwisho na gari likirudi, vilipita vitatu kwenye mpira wa kuzuia matope. Waliyafunga, wakasawazisha uzito wa kila gurudumu, wakapanga upya mwelekeo wa magurudumu ya mbele.

#8 FundiWaMagongo

Sehemu ya hizo kilo ni mpira ulioliwa na barabara kwa miaka yote hiyo. Tairi la zamani lilipokuwa jipya halikuwa na kilo 15. Bado jipya ni zito kwa kilo nne au tano za kweli, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi kama mzigo wa nyuma, kwa hiyo ukipita kwenye matuta shokamzoba zako ndizo zitakazolalamika kwanza. Ule mpira wa matope, legeza skrubu zake mbili uusogeze nyuma kidogo. Usikate.

#9 Nahodha_wa_Makupa

Naongeza mambo mawili ambayo sijayaona hapa.

La kwanza ni lami yenye maji. Tairi la A/T lina meno makubwa yaliyoachana, na mpira wake, hasa wa LT, ni mgumu ili usikatwe; sifa hizo zinazosaidia kwenye mawe huliongezea gari umbali wa kusimama kwenye lami iliyolowa. Mvua ya kwanza ya vuli ikianguka juu ya barabara ya Changamwe, ambayo malori ya bandarini yameidondoshea mafuta kwa miezi mingi, utakuwa unaendesha juu ya sabuni. Wiki ya kwanza tafuta mahali peupe, penye lami, pasipo na mtu, uone gari linasimama wapi ukikanyaga breki kwa nguvu. Halafu acha nafasi zaidi mbele yako kuliko uliyoizoea.

La pili ni hesabu ya mafuta, kwa sababu najua utakuja kulalamika. Gurudumu refu huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na mita ya gari huhesabu mizunguko, haihesabu ardhi. Mita ikisema umekwenda kilomita 1,000, umekwenda 1,034. Asiyelijua hilo hutangaza kwamba tairi limekula mafuta mengi kuliko liliyoyala.

#10 Kijana_Bombolulu

Nilisema sijapata tatizo. Mpira wa shafti ya mbele kulia umepasuka, na grisi imetapakaa ndani ya rimu nzima. Fundi, nitapita Alhamisi.

#11 FundiWaMagongo

Karibu, mwanangu. Njoo asubuhi, na uyaache matope yake palepale yalipo nione mpira ulipopasukia.

#12 MkaziWaMikindani

Narudi baada ya miezi minne, kama nilivyoahidi wale walioniandikia pembeni.

Nianze na mafuta, kwa kuwa Nahodha alinitabiria. Kwa matairi ya zamani, lita 60 zilinipa kilomita 600 kwenye mita. Kwa mapya zinanipa 540, na mara ya kwanza nilipoona hivyo roho iliniuma. Kisha nikakaa chini na kalamu. Kilomita 540 za mita ni 558 za ardhi, yaani kilomita 9.3 kwa lita. Nikakumbuka jambo jingine: matairi ya zamani yalikuwa yamelika, kipenyo chake kimepungua hadi kama milimita 762, kwa hiyo zile 600 nilizojivunia zilikuwa 589 za kweli, yaani 9.8 kwa lita. Nimepoteza nusu kilomita kwa kila lita, si kilomita nzima.

Hesabu hiyohiyo ilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Gari langu limeinuka milimita 20, lakini saba kati ya hizo zimetokana na upya wa meno tu, na ningezipata hata kwa kipimo cha kiwandani. Urefu niliokuwa nautamani mwanzoni ni milimita 13, upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mita ya mwendo imekuwa ya kweli kuliko zamani. Kabla, ikionyesha 100, simu kwa setilaiti ilionyesha 94. Sasa inaonyesha 99. Kwa 285 ingekuwa imevuka na kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, jambo ambalo kwenye maeneo ya kilomita 50 kwa saa lingenipa maelezo ya kutoa kwa askari.

Upepo naweka psi 35 mbele na 38 nyuma nikiwa mtupu, na 45 nyuma nikipakia, nikifuata mtindo wa Mama wa vipimo viwili; kiganja changu kwenye tairi la nyuma hakijaungua. Kwenye mchanga wa mkondo wa mto uliokauka, upande wa Kinango, nilishusha yote hadi 20, gari likapita pale ambapo mwaka jana, nikiwa na gari la kuazima, nilichimba kwa koleo mpaka magharibi. Nina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, nayo huchukua karibu dakika sita kwa kila tairi kuyarudisha, muda wa kutosha wa mafundi wangu kulalamika.

Kelele ipo. Kuanzia kilomita 70 kwa saa kuna mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga, na mke wangu alifikiri ni beringi iliyokufa. Kwenye lami yenye maji Nahodha alisema kweli: siku ya mvua ya kwanza, pale Jomvu, nilisimama mbele zaidi ya nilipokusudia, na nusura niliguse bampa la nyuma la matatu.

Na ubavu. Wiki mbili zilizopita, kwenye njia ileile ya Bamba, karibu na mahali palepale, nilisikia jiwe likikwaruza nyuma kushoto kwa sauti ninayoijua. Nilishuka nikiwa nimeshakata tamaa. Palikuwa na mchubuko wa urefu wa kiganja, mpira umenyanyuka kama ganda la muhogo, lakini nilipoukunja sikuona uzi wowote. Nilibandua lile ganda kwa kisu, nikaendelea na safari.

Limebaki la tano, ambalo Fundi alinionya nitalifikia. Nilikuwa na tairi la akiba la kipimo cha zamani, nikadhani litanitosha kwa dharura, mpaka nilipoelewa kwamba kulifunga upande mmoja wa nyuma na kwenda nalo masafa marefu ni kuilazimisha difu ifanye kazi ya kona hata kwenye njia iliyonyooka. Nimenunua la tano la LT. Haliingii kwenye nafasi yake chini ya kitanda cha pikapu: upana ni uleule, ila urefu wake unagota kwenye bampa la nyuma kwa kama kidole kimoja. Jana nililitoa upepo wote, likapanda kwa mnyororo wake na kukaa barabara, lakini sasa nina tairi la akiba lisilo na upepo. Je, kuna aliyewahi kuusogeza ule ubao wa kuning'inizia mbele kidogo bila kugusa bomba la moshi?

#13 FundiWaMagongo

Yupo. Lete gari Jumanne, baada ya kijana wa Bombolulu kuondoa lake.